Jinsi Fundi Cherehani Alivyoivika Maikrofoni Koti la Vifungo Vitatu

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliye na sufuria motoni aiepue kwanza, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja. Tunamnena Fundi Cherehani, Bwana wa Sindano, Mpindaji wa Suruali Elfu, ambaye hadi siku ile kompyuta ya nyumbani aliijua kama mahali pa kuwekea vitambaa. Na jinsi alivyoitiisha ikasikia sauti ya mama yake mzazi kabla ya saa kumi alasiri.

Chanzo cha vita kilikuwa mdomo mdogo. Binti wa Fundi alikuwa amehamia kikazi mji wa mbali pamoja na mwanawe wa miezi minane, na mtoto yule, tangu wafike, alifumba mdomo akakataa uji. Alizoea kulishwa huku Bibi, mama yake Fundi, akimwimbia wimbo wa kijiko, ambao hakuna mwingine aliyeuweza. Fundi aliwahi kujaribu, akatemewa. Simu nayo ilikuwa imekwisha jaribiwa: ilimtoa Bibi akisikika kama yumo ndani ya debe, na mtoto akalia zaidi. Sasa siku ya saba imeingia, mashavu yanapungua, na Bibi anapanda basi la saa kumi na nusu alasiri hiyohiyo kurudi kwake, ambako mtandao haujawahi kukanyaga. Fundi aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa kama babu yeyote.

"Ewe kompyuta," akanena, amesimama katikati ya sebule na futi ya kupimia shingoni, "leo utanitii, au nitakurudisha kuwa meza."

Akaenda dukani akarudi na maikrofoni. Muuzaji alimuusia kwamba chombo hicho hakipendi kupigwa na pumzi, hivyo akifunike kidogo. Mtu mwingine angetafuta kipande cha sponji. Fundi akachukua vipimo: kifua, kiuno, urefu wa shingo. Akakata, akatia bitana, akashona koti la kijivu la vifungo vitatu na kola iliyosimama, likaikaa maikrofoni ungedhani inakwenda kuposa. "Mteja hatoki kwangu nusu uchi," akasema.

Ndipo akazama chini ya meza, nchi ya giza na vumbi, ambako nyaya zililala zimekumbatiana miaka mingi. Akapigana nazo kwa magoti. Tundu la kwanza likamkataa, la pili likamkataa, la tatu likamkubali alipougeuza waya. Akaibuka na utando wa buibui kwenye nyusi, mshindi. Akaiamuru feni inyamaze. Akaizima friji iliyokuwa ikinguruma. Mwangwi wa kuta akaukaba kwa mapazia ya wateja sita.

"Mwanangu," akauliza Bibi, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mapazia, mkoba wa safari miguuni, "ninaimba au ninazikwa?"

"Imba, mama. Imba kana kwamba umempakata."

Bibi akaimba. Na kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ukaanza kutembea, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, haukupinda hata upana wa uzi. Fundi, aliyeutafuta mshono wa namna hiyo kwa miaka thelathini, machozi yakamlenga. "Tazama ulivyonyooka, mama. Hujakosea hata mahali pamoja." Akamwomba arudie, ukanyooka vilevile. Mara ya tatu akamwita mkewe aje kushuhudia.

Mkewe, mwanamke wa maneno machache, akakitazama kioo, akaitazama friji. "Umesikiliza ulichorekodi?" akauliza.

Hakuwa amesikiliza. Akasikiliza. Humo mlikuwa na kimya kitupu, hata nzi hakuwamo, na saa ya ukutani ilisema tisa na robo.

Basi vita vikaanza upya. Akachomoa, akachomeka. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akaihutubia. Akabofya kila palipobofyeka mpaka kioo kikageuka miguu juu, na kwa dakika kumi shujaa akapigana shingo imelala begani. Mwisho akaketi sakafuni. "Nimeshindwa, mama," akasema. "Mtoto ataisha, na mimi babu yake nina cherehani tatu na akili sina."

Bibi alikuwa akiitazama maikrofoni kwa jicho la mama aliyelea watoto saba.

"Na huyu naye," akasema, "joto lote hili umemfunga mpaka kooni. Mtu aliyekabwa hivi atasemaje?"

Akainama, akafungua kifungo cha juu, kisha cha kati. Na chini ya kile cha kati, pale koti lilipobana kiuno kwa ustadi wote wa mwenyewe, palikuwa na kidude cha kuzimia sauti, kimekandamizwa tangu koti livaliwe, na kando yake kitaa chekundu. Bibi akakibonyeza kwa dole gumba. Kitaa kikawa kijani.

"Mama," akasema Fundi kwa sauti ndogo, na kwenye kioo mstari ukaruka.

Ulikuwa umepinda vibaya, una vilima na mashimo, mshono ambao siku nyingine angeufumua bila kuambiwa. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama mstari ule.

Bibi akaimba mara moja tu, maana basi halingoji mashujaa, na wimbo ukatumwa. Saa kumi kasoro dakika nane binti akapiga simu, hata hakusalimu. "Baba, amefungua mdomo. Amemeza kijiko kimoja. Ngoja, anataka cha pili." Fundi akageukia ukutani, akajifuta uso kwa pazia la mteja.

Na iandikwe, basi, wasome wajukuu wa wajukuu: siku hiyo kijiko kilipita, na miji imetekwa kwa shangwe ndogo kuliko ile. Barafu yote iliyoyeyuka ndani ya friji iliyosahauliwa ihesabiwe miongoni mwa waliojitoa mhanga. Bibi alikwisha kufika mlangoni na mkoba wake. Akageuka, akaiona maikrofoni imebaki kifua wazi mbele ya feni iliyokwisha kuwashwa tena.

"Baridi ikianza mfunge," akamwambia mwanawe. "Lakini kifungo cha kati kiache."