Jinsi Nilivyoyatetea Marejesho ya Wapangaji

Jumatatu, 7 Machi

Theluji tena. Gazeti linasema wabunge wa jimbo wanataka kupunguza marejesho ya wapangaji. Bajeti ina pengo, na cha kulizibia wamekiona mifukoni mwetu! Kodi ya jengo analipa mwenye jengo, lakini anailipa kwa pango letu. Yeye tarishi tu. Jimbo lenyewe linajua, ndiyo maana kila Agosti linaturudishia kidogo sisi wenye kipato duni. Sasa hicho kidogo nacho wanakitaka. Watu wenye nyumba za maegesho ya magari matatu!

Nimeamua papo hapo: nitaongoza mapambano. Verlyn Stensrud, miaka sitini na mitatu, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, sauti nzito, nywele bado zipo. Nani mwingine katika jengo hili?

Nikashuka kubandika tangazo. Limeshabandikwa! Mkutano kesho, chumba cha kufulia. Limeandikwa na Ardis Kowalke wa chumba namba moja, mjane, aliyekuwa mpishi wa shule. Kaweka na pini za rangi. Majivuno.

Jumanne, 8 Machi

Mkutano. Watu kumi na watatu katikati ya mashine za kufulia. Ardis kaja na keki ya limau. Mtu hawezi kushindana na keki. Akachaguliwa kiongozi kabla sijasimama.

Nikadai kura ya siri. Duane Zabel wa ghorofa ya tatu, dereva wa malori zamani, sasa anatembelea kile kigari cha wazee cha kusukuma, cha magurudumu manne, akaniambia, “Kaa chini, Verlyn, unaniziba keki siioni.” Wakacheka wote. Hata yule wa chumba namba sita ambaye hajacheka tangu Krismasi.

Kamati ya bunge itawasikiliza wananchi Jumanne ijayo. Shahidi mmoja kwa kila jengo, dakika mbili. Wakasema awe Ardis, wengine wakae nyuma yake waonekane. Mimi nimepewa kukusanya saini. Saini! Na kupiga simu bungeni kuthibitisha saa. Nikakubali kwa heshima. Anayeshika simu ndiye anayeshika saa.

Ijumaa, 11 Machi

Mlo wa samaki wa kukaanga wa Ijumaa za Kwaresima, ukumbini kwa Wakatoliki. Nilidhani watu wenye imani watasaini upesi. Wanasaini wakiwa wameshika samaki. Karatasi imelowa mafuta, majina matano hayasomeki. Mama mmoja alisoma ombi lote, akatabasamu, akasema linavutia sana. Kwetu Minnesota hiyo maana yake ondoka hapa. Mzee mwingine alisaini kwa furaha, kisha akauliza paja la nguruwe litachezeshwa saa ngapi. Alidhani ni bahati nasibu.

Saini kumi na tisa. Wanne kati yao wana nyumba zao wenyewe.

Ardis, peke yake, mlango kwa mlango, na goti lile bovu: arobaini na moja. Kaniambia nisivunjike moyo. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 13 Machi

Akili imefunguka! Kule chini, karibu na tangi la maji ya moto, yapo masanduku ya zamani ya barua, na majina bado yamebandikwa. Wapangaji halisi wa jengo hili. Wengine wamehama, wengine wamehama kabisa, kwa Mungu. Lakini wote walilipa pango hapa, na nani anaweza kusema wangekataa?

Nimesaini majina hamsini na tatu kwa kalamu nne tofauti. Wilmer Tvedt nimemsainia kwa mkono unaotetemeka. Alifariki Novemba, chumba namba tisa. Alipokuwa hai alipinga kila kitu, hata rangi ya ngazi. Hili asingelikosa.

Jumatatu, 14 Machi

Nimepiga simu bungeni. Kikao ni saa mbili na robo asubuhi. Nikamwambia Ardis kimesogezwa hadi saa saba mchana. Akashukuru. Akasema saa saba ni nafuu, barafu itakuwa imeyeyuka kidogo, wazee hawatateleza.

Si uongo wa ubaya. Ardis ana sauti ndogo na hajui kulia. Kamati inahitaji kuona mateso. Nimetoboa koti langu kwa mkasi kwenye kiwiko, na begani. Kisha nikapanda kwa Duane, nikamwomba kigari chake nikakipake mafuta magurudumu. Nitakirudisha kabla ya saa sita. Akasema mimi ni muungwana kuliko anavyonisikia nikitembea juu ya dari yake. Mimi nakaa ghorofa ya nne.

Jumanne, 15 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Upepo umeingia kwenye lile tundu la bega tangu kituo cha basi. Ngazi za bunge zina barafu. Gurudumu moja la kigari limekatika, likaviringika hadi barabarani, basi likalipitia. Nimeingia nikiburuta miguu kweli. Nikajiambia, vizuri zaidi.

Mwenyekiti ni mama mmoja, Mheshimiwa Marquart, miwani kwenye mnyororo, mpole. Nikaketi. Dakika ya kwanza niliitumia kujitambulisha. Ya pili nilianza kueleza koti. Kengele ikalia! Marejesho sijayataja hata kwa bahati mbaya.

Mama akasema si kitu, saini zitasema. Akafungua kurasa zangu taratibu. Ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu akasimama. Akauliza kama mimi mwenyewe nilizikusanya. Nikasema kwa mikono yangu. Akauliza kama namfahamu Bwana Wilmer Tvedt. Nikasema sana, rafiki yangu. Hajambo? akauliza. Nikasema nimemwona leo asubuhi, ana mafua kidogo, lakini anawasalimu wote.

Akavua miwani.

“Wilmer Tvedt ni kaka yake mama yangu,” akasema. “Nilimzika mwezi wa kumi na moja.”

Hakupaza sauti. Ukumbi mzima ulisikia. Nikasema labda nimemchanganya na mwingine. Akanigeuzia karatasi nione lile tetemeko. Akasema mjomba wake alikuwa mchora ramani, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka mpaka siku ya mwisho.

Wakapiga kura saa nne. Marejesho yakatwe: tisa. Yasikatwe: nane.

Nje ya ukumbi akanifuata mbunge mmoja wa mashambani, mkono mkubwa kama koleo. Akaniambia alikuja tayari kupinga marejesho yasikatwe, alikuwa anangoja tu asikie mpangaji mmoja aseme kweli, aende nayo kwa watu wake. “Umenipa maiti, bwana,” akasema. Akaondoka.

Ilinipasa nirudi nyumbani nimwahi Ardis. Niliketi kwenye benchi. Nilikuwa natunga maelezo. Saa saba kasoro robo nikawaona. Kumi na mmoja, na nguo za kanisani. Yule wa chumba namba sita kavaa tai. Ardis mbele, bahasha kubwa kifuani, midomo ina rangi. Duane hakuwemo. Nilijua kwa nini.

Mlango umefungwa, mfagiaji anapiga deki. Ardis akamuuliza kuhusu kikao. Mfagiaji akasema kiliisha asubuhi, mama, kulikuwa na kichekesho cha maiti. Ardis akanitazama mimi, kigari, koti. Nilitaka anitukane. Ningejua la kujibu.

Akawageukia wenzake akasema, “Haya, twendeni. Basi la saa saba na nusu lisituache.” Akamshika mkono yule mwenye tai, wakashuka ngazi polepole. Mimi nilisubiri basi la pili.

Jumatano, 16 Machi

Gazeti. Ukurasa wa kwanza! “Wafu wapinga bajeti.” Jina langu limekosewa. Nimepiga simu warekebishe, wamerekebisha mtandaoni. Nadhani sikupaswa.

Nimemrudishia Duane kigari. Magurudumu matatu. Hakunifungulia, kasema kiache mlangoni, na nikipanda juu nivue viatu. Duka la vifaa linasema gurudumu la aina hiyo litafika baada ya wiki nne.

Kwenye ngazi hakuna anayenisalimu. Hata tabasamu la Minnesota la kumwambia mtu aondoke sipewi.

Alhamisi, 31 Machi

Ardis amehama leo. Mkataba wake umeisha, mwenye jengo kapandisha pango, na bila marejesho ya Agosti halimudu. Anakwenda kukaa chumba cha chini ya ardhi kwa bintiye, mji wa Bemidji. Miaka kumi na tisa hapa. Nilimsaidia kubeba taa. Alinishukuru kwa taa.

Mchana Duane akagonga dari kwa ufagio. Nikashuka. Alinitazama kama mtu anayenunua gari asilolitaka. Akasema Ardis kamwachia ile bahasha, sasa ina barua mpya, aipeleke posta, kwa gavana, maana bajeti imeshapita bungeni, lakini gavana bado anaweza kuikataa. Yeye na magurudumu matatu hafiki hata kwenye lifti.

“Posta tu, Verlyn. Usiiguse. Usiinuse. Tia sandukuni, geuka, rudi.”

Nikaapa. Niliifungua kwa mvuke wa birika. Kiongozi hawezi kupeleka asichokisoma.

Barua kumi na moja. Kila mmoja kwa mkono wake. Ya Ardis ndiyo fupi kuliko zote:

“Mheshimiwa Gavana, nina miaka sabini na minne. Nilipika chakula cha watoto wa shule miaka thelathini. Kila Agosti hundi yenu huninunulia miwani au buti, si vyote viwili, na mwaka uliobaki siwasumbui. Tafadhali msinichukulie. Sina pengine pa kupunguza.”

Nikaisoma mara mbili. Chumba namba moja, chini, sasa ni kitupu. Nilikunywa maji.

Kisha nikaona tatizo. Haina uchungu! Gavana anapokea mamia ya barua, ataisoma hii kwa nini? Mwanamke huyu hakuwahi kujua kujitetea. Nimechukua kalamu ya wino wa buluu kama wake. Chini ya “pengine pa kupunguza” palikuwa na nafasi nzuri, mistari mitatu.

Nimempa watoto wagonjwa. Mapacha, wa miaka minne. Ana sabini na minne, lakini gavana ni mtu mwenye kazi nyingi, hatakaa kupiga hesabu.