Shahidi Asiye na Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi amenichongea kwa meneja wa uwanja. Eti nalala nyuma ya jukwaa. Eti mkataba wangu ukiisha Ijumaa usiongezwe, shemeji yake yuko tayari kushika mashine ya kukata nyasi. Mimi niliyeacha mke na watoto safari ya siku mbili. Soli zimeisha, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Sing'oki.

Jumanne, 5 Machi
Wachezaji huvaa kizibao chenye kifaa kidogo mgongoni, ndani ya jezi. Mtu wa kompyuta kanieleza: kifaa husikiliza setilaiti za angani, kisha kompyuta inachora kila hatua. Nani kakimbia, nani kajifanya. Nikamuuliza kama hatua za mkata nyasi nazo zinahesabika. Akacheka, akasema, mzee, chuma hakibagui.
Basi nimepata shahidi asiye na shemeji. Winga yuko kwake, paja linamuuma. Kifaa chake kimekaa bure. Nimekiazima bila kumsumbua mtu.

Jumatano, 6 Machi
Kizibao kinabana kama swali la mwalimu. Nimekata uwanja mzima, kwenda na kurudi. Msimamizi akienda kunywa chai, nachapa mbio kidogo, setilaiti zione. Jioni nimekirudisha kwenye chaji. Mke kapiga simu, kauliza mbona nahema. Nimemwambia nashinda kesi.

Alhamisi, 7 Machi
Kizaazaa. Winga mgonjwa kasomeka kilomita kumi na tisa. Kocha kamwita, kamfokea kwamba paja lake ni la uongo. Winga akaapa kwa mama yake mzazi kuwa hakutoka kitandani. Mchoro ukafunguliwa: mistari imenyooka kama matuta ya shamba. Kocha akakiri hajapata kuona winga mwenye nidhamu hivyo.
Nikajitokeza. Nikasema hatua hizo ni zangu, zote, na anayeniita mvivu azitembee yeye. Winga akasema, baba, ungeniua. Meneja alikuwa karibu kunipa mkono. Ndipo mtu wa kompyuta, kiherehere kimemjaa, akaonyesha doa jekundu nyuma ya jukwaa. Saa nne mpaka saa sita, halijasogea hata unyayo.
Msimamizi akauliza kwa upole kama nyasi za hapo zilikuwa ngumu sana. Nikajibu nilikuwa nawaza kazi.

Ijumaa, 8 Machi
Sijafukuzwa. Meneja kasema mlalaji wa kilomita kumi na tisa ni afadhali kuliko shemeji asiyejulikana. Nimepewa mwezi mmoja wa majaribio, na kifaa changu mwenyewe, nikivae kila siku. Doa jingine moja tu, safari ya nyumbani. Msimamizi kacheka hadi kofia ikaanguka. Na acheke.
Mchana nimekifunga kwenye mashine ya kumwagilia maji, ile ya magurudumu inayozunguka uwanja yenyewe. Nimelala vizuri sana. Sikuuliza kama kifaa kinavumilia maji. Hayo ajiulize mtu wa kompyuta.