Slaidi Sita za Uvimbe wa Sikio

Jumatatu, 4 Machi
Nimekata kinyama cha uvimbe uliotolewa nyuma ya sikio la fundi cherehani. Nikakitia rangi, nikakichungulia kwa darubini, ingawa kuchungulia si kazi yangu. Loo! Vijishipa vya damu chungu nzima, seli za ndani zimenenepa hadi zinabana njia. Pembeni zimejazana chembe nyeupe za damu zenye punje nyekundu. Miaka kumi na tisa maabarani, sijaona kitu hiki. Safari hii jina langu litatoka kwenye jarida. Si la Kipara wa meza ya pili, aliyepiga picha pamoja na mkurugenzi kwa sababu ya mnyoo aliougundua!

Jumanne, 5 Machi
Nimekata slaidi sita za kwangu. Sijazitia rangi bado. Nimezificha kabatini. Kipara aliuliza mbona nazungusha mashine ya kukatia tangu asubuhi. Nikamwambia naipaka mafuta. Akaguna.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Daktari bingwa amesema huenda ni uvimbe adimu usiodhuru, huenda ni saratani ya mishipa. Ikiwa saratani, sikio litakatwa. Anataka vipande vipya, vitiwe rangi ya kuonyesha kuta za mishipa. Nikaenda mashineni. Kwenye kibonge cha nta kilichoshikilia nyama, nta tupu! Nyama nimeimaliza mwenyewe. Nikasema sampuli ilikuja ndogo mno. Kipara akadakia kuwa ilitosha kabisa. Kimbelembele!

Alhamisi, 7 Machi
Fundi cherehani alikuja na dada yake. Akauliza miwani ataiegesha wapi sikio likiondoka, maana bila miwani hawezi kutunga uzi. Imeniuma, nakiri.

Kumwambia daktari? Hapana. Nilizitia slaidi kwenye droo ya Kipara, kisha nikapiga kelele kuwa zimepatikana. Nilisahau kwamba kila moja niliiandika jina langu. Daktari alizisoma zote sita kwa sauti, bila haraka.

Jumatatu, 11 Machi
Majibu ya zile slaidi sita, zilizotiwa rangi: kuta za mishipa zimekamilika, seli hazigawanyiki ovyo. Si saratani. Ni ule uvimbe adimu. Unaweza kurudi, lakini hauui. Fundi cherehani alilia, akacheka, akamkumbatia Kipara, ambaye alichofanya ni kumpa kiti tu.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Nimeisoma mara nne. Jina langu kamili na jina la ugonjwa, katika sentensi moja, na sahihi ya daktari bingwa chini yake! Kesho naipeleka kwa mhariri wa jarida.