Mabuyu Ndani ya Barakoa

Leo nimeaibika mbele ya wazazi wa skuli nzima. Naandika haya nikiwa jikoni, mlango nimeutia komeo.

Asubuhi kulikuwa na mkutano Tononoka, kwenye skuli anayosoma binti yangu Rukia. Jambo lilikuwa moja: darasa la nane warudi, au waendelee kusomeshwa kwa simu mpaka haya maradhi ya korona yapungue? Rukia yuko darasa hilo hilo. Nyumba nzima tuna simu moja, kioo kimepasuka, na juzi nduguye mdogo alifuta hesabu za wiki nzima akitafuta katuni. Rukia alilia. "Mama, wenzangu watanipita." Tangu siku hiyo silali vizuri. Naogopa maradhi, naogopa na mtihani wake wa mwisho, na sijui kipi nakiogopa zaidi.

Basi nikaandika hotuba. Nikavaa buibui la Idi na barakoa nyeupe mpya (nilitaka nionekane mtu wa maana). Simu nikamwachia Rukia. Njiani nikanunua pakiti ya mabuyu ya sukari. Mimi nikiwa na wasiwasi, lazima mdomo ufanye kazi. Na nyuma ya barakoa nani ataniona?

Uani viti vilikuwa vimetenganishwa, kila mtu na chake. Babake Swaleh, mwenye duka la vitambaa, akasimama kwanza.

"Jamani, mtoto akirudi na maradhi, yuwamwambukiza nyanyake. Mtihani utakuja mwaka mwengine. Mamangu hatakuja mwengine."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi nusura niitikie! Nikapenyeza buyu mdomoni chini ya barakoa. Akaendelea. Nikatia jingine, na jingine. Kokwa sina pa kuzitema, nikazipanga shavuni.

"Mamake Rukia," akaita mwalimu mkuu, "ulisema una neno."

Yallah! Kokwa nne shavuni. Nikasimama nazo hivyo hivyo.

"Assalaam aleikum, wazazi wenzangu. Babake Swaleh nakuheshimu, lakini tusitiane hofu. Hebu tutazamaneni. Sote tu wazima. Hapa hakuna hata mmoja anayeko..."

Kokwa moja ikashika njia isiyo yake.

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na kila nikikohoa, viti vinasogea mbali. Nikaona pumzi zinakatika, nikaing'oa barakoa. (Hapo ndipo nilipojimaliza.) Ile barakoa yangu nyeupe, ndani ilikuwa nyekundu tupu. Meno mekundu. Kidevu chekundu.

"Subhanallah! Yuwatema damu!" mama mmoja akapiga ukelele.

Weh! Babake Swaleh alikuwa wa kwanza kufika langoni, na kiatu kimoja alikiacha nyuma. Mwalimu mkuu alirudi kinyumenyume huku akininyunyizia dawa ya mikono kama anayefukuza mbu.

"Si damu!" nikapiga kelele kokwa ilipotoka. "Ni rangi ya mabuyu! Wallahi ni mabuyu!"

Nikaitoa pakiti niwaonyeshe. Ikapasuka. Mabuyu yakatapakaa uani kote, mengine yakaenda mpaka miguuni pa mwalimu mkuu. Kicheko kikaanzia langoni.

Waliporudi vitini, mwalimu mkuu akauliza wanaotaka darasa la nane warudi wanyooshe mikono. Nikanyoosha wangu, vidole vyekundu. Mwengine ulikuwa wa mama mmoja, na huyo nadhani alikuwa akitengeneza mtandio. Basi. Watoto wataendelea na simu.

Nyumbani nikamkuta Rukia mlangoni, simu mkononi.

"Ulisema, mama?"

"Nilisema, mwanangu." (Nilianza.)

"Nimekuona."

Kumbe mtu alinipiga picha, akaituma kwenye grupu lile lile wanalotumiwa masomo kwa simu. Hesabu hazifiki, mamake kafika! Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hivyo ni simu tu?"

Nikaichukua simu mkononi mwake. Nikaingia jikoni kunawa kidevu, na uchungu wangu.

Sasa anabisha mlango, ataka simu ana hesabu. Kwa hivyo nasema upesi: mwenye simu ya pili ya kumwazima Rukia, na anicheke atakavyo. Nyinyi wengine mnaosoma haya, nyamazeni.