Fundi Kasema Tupa

Jumatatu, 2 Juni

Leo Mheshimiwa kavuliwa viatu. Vyote vinne! Mheshimiwa ni farasi wetu. Wetu kwa maana ya kumlisha na kumfagilia banda. Mwenye mali ni mama mkwe, na mimi naishi kwake pamoja na binti yake na kaka wa binti yake. Mungu anisaidie.

Mwezi mzima anachechemea. Fundi wa kwato kafika asubuhi, mama mmoja mwenye mikono ya kubeba injini. Kainua mguu, kanusa, kakunja uso. Chini ya chuma kumeoza, akasema. Misumari imepasua kwato. Nani alipigilia uchafu huu? Nikamwonyesha shemeji, aliyekuwa amesimama kwenye karakana yake ya kuchomelea akijifanya hamnazo. Viatu vile ni kazi ya mikono yake. Raha niliyoipata!

Amri za fundi: Mheshimiwa atembee peku. Banda likae kavu, kwato zisafishwe kila siku, mkate na molasi marufuku. Aanze na mchanga na nyasi. Kokoto baadaye, tena polepole. Naye atakuwa anakuja na tupa yake, kile chuma kirefu chenye meno, kuzisugua kwato zirudie umbo lake.

Mama mkwe yuko kwa binti yake mkubwa hadi mwezi ujao. Nimemtumia ujumbe, mfupi na wa adabu: Shikamoo Mama. Kwato za farasi zimeoza. Fundi kasema tupa.

Jumanne, 3 Juni

Mama mkwe kajibu. Marahaba. Kama fundi kasema tutupe, hana kinyongo. Ameshaongea na mfyatua matofali, atamchukua akazungushe kinu cha udongo.

Salaale! Nani kasema tutupe?

Nimepiga simu. Nikaeleza: tupa, Mama, tupa ya kusugulia, siyo tupa ya kutupa! Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema ameshampa mtu ahadi na yeye si mtoto mdogo wa kubadilibadilisha maneno. Ila atanipa nafasi moja. Anarudi Jumamosi, tarehe tano Julai, na mfyatua matofali atakuwepo. Mheshimiwa atembezwe peku juu ya kokoto, toka getini hadi bandani. Akitembea sawasawa, anabaki. Akichechemea, anakwenda.

Kinu kile nimekiona. Punda aliyekuwepo alikizunguka mpaka akaanguka hapo hapo, hakuinuka tena. Na Mheshimiwa ndiye pekee katika nyumba hii anayefurahi akiniona asubuhi. Mke wangu ananipenda, lakini asubuhi hapana.

Shemeji keshalipima banda kwa futi kamba. Anataka kuweka mashine ya kukatia mabati.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango! Mimi nilijifunza kuogelea kwa kusukumwa mtoni. Kwa nini farasi abembelezwe? Nikampeleka moja kwa moja kwenye kokoto.

Akaingia vizuri. Katikati akasimama. Mbele hataki, nyuma hataki, anatetemeka mwili mzima na kunitazama kama niliyemdanganya. Nikatandika magunia. Hayakutosha. Nikatandika godoro letu. Akatoka juu ya godoro letu.

Mke wangu kanikabidhi ndoo na brashi. Afadhali angenitukana.

Fundi kaitwa. Kashika ukwato, una moto. Kaniuliza neno “polepole” lina silabi ngapi nisizozielewa. Kisha kauliza kati yetu wawili ni nani mnyama. Nilidhani ni utani, nikacheka. Haukuwa utani.

Jumapili, 8 Juni

Mpango wa pili, na huu ulikuwa na akili. Mabuti ya mpira! Nimeyakata juu, nimejaza pamba, nimemvalisha Mheshimiwa miguu yote. Alikuwa anapendeza. Katembea uani, kidogo kidogo, mimi roho mkononi. Mara kapiga teke inzi. Buti likaruka, likaingia karakana, likamkuta shemeji mgongoni.

Kalitambua. Lilikuwa lake. Yote manne yalikuwa yake.

Usiku mezani kaniambia, mbele ya mke wangu, kwamba mtu anayesifia peku namna hii ni ajabu kumwona mwenyewe anavaa viatu. Damu ikanichemka. Nikavua viatu vyangu hapo hapo, nikavirusha dirishani, nikaapa: mguu wangu hauingii kiatu mpaka Mheshimiwa afaulu!

Mke wangu akauliza, kwa upole, kama nakumbuka kwamba kutoka mlangoni hadi chooni ni kokoto tupu.

Sikukumbuka.

Jumatano, 18 Juni

Kokoto! Zimeletwa duniani na nani, na kwa kosa gani?

Visigino vimepasuka. Nina magaga ya kuficha sarafu. Chooni naenda baada ya kufikiri sana. Leo nilipanga kumkimbiza Mheshimiwa, maana siku zinakwisha. Wapi! Kukimbia naweza wapi? Tunafuata mchanga kando ya ukuta, tunapita nyasini, tukifika kokotoni tunatia mguu, mimi naguna, yeye anakoroma, tunageuka. Kesho tena, mbele kidogo. Anaponingoja hunipumulia shingoni. Hilo nalipenda.

Fundi kaja na tupa. Kasugua, kanusa. Harufu imekwisha, kasema, na kwato zinakaza. Kisha kaniangalia kwa mashaka, kauliza mtu kama mimi akili ya kwenda taratibu kaitoa wapi. Nikamjibu ni utaalamu. Visigino nikavificha nyasini.

Ijumaa, 4 Julai

Kesho.

Sikukaa bure lakini. Tangu jana nasukuma toroli la mchanga laini. Nimemwaga toka getini hadi bandani, kokoto zote zimefunikwa. Zulia! Hata mtoto mchanga angetembea. Mikono imetoka malengelenge, lakini nilijipongeza.

Adhuhuri, lori. Shemeji kaagiza kokoto mpya. Kubwa, zenye ncha, ili Mama apokewe kwa heshima. Zikashuka juu ya mchanga wangu wote. Shemeji akazisambaza kwa reki huku anapiga mluzi, akaniuliza kama zimependeza.

Nikaenda bandani. Nikamkumbatia Mheshimiwa shingo, nikalia. Kokoto za namna hii hatujawahi kuzikanyaga, mimi wala yeye. Yeye alikuwa anatafuna nyasi tu, hajui kama kesho kuna kamba inamsubiri.

Jumamosi, 5 Julai

Mama mkwe kafika. Mfyatua matofali kafika na kamba yake mkononi kabisa, shetani yule. Fundi kasimama na mkoba wake. Shemeji kajiletea kiti.

Nikashika kamba ya Mheshimiwa. Tukaanza.

Hatua ya kwanza, nikaona nyota mchana. Nikajikaza kisabuni. Mheshimiwa akainamisha kichwa, akanusa jiwe, akakanyaga. Sikuthubutu kutazama chini. Nasikia kokoto zinalia, sijui chini ya nani. Tumefika nusu, mfyatua matofali akapiga kelele: anachechemea! Huyo, anachechemea!

Nikageuka kutazama miguu ya Mheshimiwa. Imenyooka. Imetulia, yote minne. Nikainua macho. Watu wote wanatazama miguu yangu.

Na hapo nikakwama. Mbele siwezi, nyuma siwezi, natetemeka. Mheshimiwa akaningoja kidogo. Akanipumulia shingoni. Kisha akanipita, akaendelea zake hadi bandani, taratibu, sawasawa, akinikokota kwa kamba niliyoizungushia mkononi.

Mama mkwe akasema farasi anabaki. Nililia tena, mbele ya watu, na sijali.

Mfyatua matofali akauliza kama mkwe naye anauzwa. Mama akauliza bei.

Fundi kanilaza juu ya majani, katoa tupa ile ile, kanisugua visigino. Shemeji ndiye aliyenishika miguu. Kwa furaha, niliona.

Jumapili, 6 Julai

Ushindi! Nimevaa viatu.

Mke wangu anadai Mheshimiwa kapona kwa sababu mimi sikuweza kumharakisha. Masikini, mambo haya hayaelewi. Kapona kwa mipango yangu, hasa ule wa mabuti. Fundi kaguna tu nilipomweleza, ishara kwamba kakubali.

Na mtu mwenye kipaji hakai bure. Asubuhi nilimwona mama mkwe kaweka miguu kwenye beseni. Magaga, lo! Kuzidi yangu! Mama wa watu anateseka na fimbo yake, na wanawe wako kimya. Nikamkimbilia fundi. Kasema hakuna tabu, dawa ni tupa.

Nimewajulisha kwenye kundi la familia, ndugu wote, hadi wale wa mbali. Kwa ufupi, maana maneno mengi huwachanganya watu: Nimeangalia hali ya Mama. Miguu imekwisha. Fundi kasema tupa.

Simu inaita. Shemeji. Sasa dada mkubwa. Sasa Mama mwenyewe! Shukrani hizi nitazipokea moja moja.