Kamyoneti Yangu Haiko na Ugonjwa

Élisabethville, Ijumaa, 6 Agosti 1954

Leo nimeshinda. Padri amekubali kwamba kamyoneti yangu ndiyo itabeba sanamu ya Bikira Maria kwenye Sikukuu ya Kupalizwa, Jumapili ya wiki ijayo, kutoka kanisani mpaka mwisho wa cité, mtaa wetu, na kurudi. Anaclet, jirani yangu muuza makala, yaani mkaa wa kupikia, alikuwa ametangulia kutoa lori lake jipya. Nilimwambia Padri, kwa upole tu, kwamba Mama wa Mungu atarudi na vumbi la makala usoni. Padri akafikiri. Akanichagua mimi, Léonard Chomba, muuza samaki wakavu.

Wakati wa kurudi nyumbani kamyoneti ilitetemeka. Si sana. Kioo cha pembeni kilianguka.

Régine, mke wangu, alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili akasema gari ni gonjwa. Nikamjibu ni barabara. Akasema barabara hii ni ya lami. Mwanamke akipanda gari mara tatu anajiona injinia.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya posho. Watu wote wako sokoni, mimi niko chini ya gari. Nimebadilisha bujii zote, plagi zinazowasha motere. Nimesafisha karibureta kwa petroli na mswaki wa Régine. Hajui.

Gari likisimama, motere inaguna taratibu kama paka. Nikitoka na kupandisha gia mpaka vitesi ya tatu, linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Basi si motere. Ni magurudumu. Na nani alipita karibu na magurudumu yangu jana jioni? Anaclet.

Nilikwenda kwake. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mtu muungwana halegezi nati za gari lililochaguliwa na Kanisa. Hakukasirika, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi. Alifuta mikono, akaja kwangu, akatikisa magurudumu manne, moja baada ya jingine. Nati zilikuwa ngumu.

“Tata Léonard,” akasema kwa heshima, “mi niko na lori yangu. Nitafanya nini na nati zako?”

Jibu la mtu mwenye hatia.

Jumatatu, 9 Agosti

Nilifikiri Jumapili nzima, hata wakati wa mahubiri. Kitu chepesi hutetemeka, kitu kizito hutulia. Asubuhi nikapakia magunia sita ya mchanga nyuma, na juu yake vikapu vya samaki kutoka Pweto, ziwani, nikaenda sokoni kwa furaha.

Lilitetemeka vilevile, sasa kwa uzito. Magunia mawili yalipasuka. Mama mmoja alirudisha samaki wake akilalamika kwamba anatafuna ufuko mzima wa ziwa. Nilimweleza kwamba huo ni ushahidi kuwa samaki anatoka ziwani kweli. Hakushukuru. Siku hizi hakuna mtu anayejua samaki.

Jumanne, 10 Agosti

Kuna mzee hapa cité anaitwa Kapya. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye karakana ya treni, sasa anatengeneza magari chini ya paa la mabati karibu na nyumba yake. Suruali yake ina viraka vitatu. Sikutaka cité nzima ijue kwamba gari la Bikira Maria limepelekwa kwa fundi, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu nikasema nina rafiki ambaye kamyoneti yake inatetemeka.

Kapya aliendelea kukwangua chuma kwa tupa yake. Akauliza kama inatetemeka ikisimama na motere inawaka. Nikasema hapana. Akauliza, rafiki akitoa vitesi kwenye mteremko, akiacha gari lishuke lenyewe, je, linaacha kutetemeka? Nikasema haliachi.

“Basi motere haiko na ugonjwa,” akasema. “Wala bujii. Angalia ule muti wa chuma chini, wenye kupeleka nguvu nyuma. Rafiki yako aliufungua?”

Nikasema rafiki yangu ni mtu mwangalifu sana. Ni kweli kwamba mwezi wa saba niliutoa mti ule kuutia grisi, nikaurudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini hilo ni jambo jingine.

Kapya alichukua vijiti viwili akanionyesha. Mti ule una vipande viwili vinavyoingiana, na kila ncha ina uma. Uma mbili lazima zitazame upande mmoja. Zikipishana, mti unazunguka kwa kurukaruka, kama wanaume wawili waliobeba gogo, huyu anapiga hatua, yule anasimama.

“Mwenye kufungua bila kutia alama ya chaki,” akasema, “ule ni mujinga.”

Nikamwambia nitamfikishia rafiki ujumbe huo. Akauliza kama kamyoneti ya rafiki nayo iko ya kijani kama yangu. Nikaondoka bila kuaga. Mzee mwenye viraka vitatu.

Jumatano, 11 Agosti

Nimelala tena chini ya gari. Uma ya mbele inatazama juu. Uma ya nyuma inatazama nyumba ya Anaclet.

Nikifungua sasa, Kapya atakuwa amesema kweli. Haiwezekani. Nimepata njia bora. Maandamano hutembea polepole, na kwa mwendo wa miguu kamyoneti haitetemeki kabisa. Kwa hiyo haina shida. Jambo lote lilikuwa mwendo. Nashangaa kwamba mtu wa miaka ishirini kwenye karakana hakuliona hili.

Ijumaa, 13 Agosti

Natetemeka mimi mwenyewe nikiandika, kwa hasira.

Leo tulifanya jaribio. Sanamu ilifungwa nyuma kwa kamba, Padri alikaa mbele pamoja nami, na akina mama wa Rozari, Régine akiwa kati yao, walifuata kwa miguu wakiimba. Nilikwenda taratibu. Gari lilitulia kama meza. Padri alinisifu. Naliandika hili ili lisisahauliwe.

Ndipo Anaclet alipotokea nyuma na lori lake. Akanisalimu kwa mkono, akataka kupita. Mtu wa makala ampite Mama wa Mungu? Niliongeza mwendo. Naye, kwa ubaya wa moyo, hakupunguza wake. Nikafika vitesi ya tatu.

Miwani ya Padri iliruka ikaanguka miguuni pake. Nyuma sanamu ilianza kutikisa kichwa. Watu wa barabarani waliona Bikira Maria akisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Bibi mmoja alipiga magoti palepale kwenye vumbi, kisha wengine kumi. Mwanamume mmoja alipiga kelele akamwuliza Bikira Maria kama mvua itakuja mapema mwaka huu. Alijibiwa ndiyo.

Niliposimama, kamba moja ilikuwa imekatika na sanamu imeegemea ukingoni. Akina mama walikimbia kuishika, wakaivuta kwa kamba zilizobaki. Padri alitafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba atafikiri.

Anaclet naye alisimama, akapanda kusaidia kufunga kamba. Mnafiki.

Jumamosi, 14 Agosti

Asubuhi nilitoka nje nikamkuta Kapya yuko chini ya gari langu. Régine ndiye aliyemwita.

Nilimwuliza Régine kwa ruhusa ya nani.

“Baba Mado,” akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, “ile sanamu ilikuwa inatuangukia sisi. Mi nilikuwa chini yake. Ulitaka nife juu ya mashindano yako na Anaclet?”

Nilikaa kwenye kizingiti. Mikono ya Régine ina michubuko ya kamba.

Kapya aliutenganisha mti, akauzungusha kidogo, akaurudisha. Muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikaendesha mpaka vitesi ya nne. Kimya. Nilimwambia kwamba rafiki yangu alikuwa karibu kuligundua hilo mwenyewe. Akasema nimsalimie.

Nilikimbia kwa Padri na habari njema. Akafurahi sana kwa ajili yangu. Sanamu, akasema, itabebwa mabegani na akina mama wanane.

Jumapili, 15 Agosti

Maandamano yalipita vizuri. Régine alikuwa mbele, upande wa kulia. Alitembea kana kwamba habebi kitu. Nilimtazama zaidi kuliko nilivyoitazama sanamu, Mungu anisamehe.

Anaclet alitembea kando yangu njia nzima, kwa miguu kama mimi. Akasema ilipendeza hivi, bila magari. Nilijua maana yake.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimewaza kwa utulivu. Kapya alibahatisha. Vipande vikiwa viwili tu, hata kipofu atapata. Ufundi wa kweli ni kuanzia mwanzo, kufungua kila kitu.

Jana niliisikia pikipiki ya Padri ikikohoa. Leo, alipokuwa akisomesha, nikaisukuma mpaka kwangu ili nimfanyie mshangao, heshima yangu irudi. Nimeifungua yote juu ya kitenge kipya cha Régine. Sikutumia chaki. Chaki ni ya wasiokuwa na kichwa.

Saa kumi jioni nimemrudishia, safi, inang'aa. Kesho alfajiri anaipanda kwenda Mokambo kubatiza. Amenishukuru kwa uso wenye wasiwasi, ila huo ni uso wake wa kawaida.

Zimebaki pete mbili za chuma na springi moja. Nimezitia kwenye kopo. Bila shaka ni za akiba.