Mkate Uliomvuta Qobil

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimenunua daftari hili kwa kazi moja tu: kuandika maswali ya binti yangu Zumrad, miaka mitano. Jirani yetu Botir ana mvulana anayetaja miji mikuu ya dunia nzima kama kasuku, na hapa Rishton ukipata mtoto wa hivyo mtaa mzima unajua kabla chai haijapoa. Sawa. Wangu hataji. Wangu anauliza. Mwakani akianza shule nitamkabidhi mwalimu daftari zima, Botir abaki na miji yake.

Nimeweka sheria nyumbani. Zumrad akiuliza, asikemewe. Akitaka kujua jambo, ajaribu mwenyewe. Mke wangu Hafiza akauliza kama sheria inahusu hata wakati tanuri linawaka. Nikamwambia asipende kubisha.

Maswali ya leo: Nani aliyegawa vyumba ndani ya komamanga? Mbuzi anajua jina lake? Na moja kuhusu mkate.

Mkate wenyewe ni wa kaka yangu Qobil. Siku aliyoondoka kwenda kujenga maghorofa Urusi, miaka mitatu sasa, mama alimpa mkate mzima, naye Qobil akaung'ata mara moja kwa meno yake yenye pengo (teke la punda, alipokuwa mdogo). Uliobaki mama akautia kwenye mfuko wa nguo na kuutundika msumarini, sebuleni. Haugusi mtu mpaka mwenyewe arudi aumalize. Kila asubuhi mama anaupapasa mfuko kwanza, ndipo anywe chai. Humwambia Zumrad kwamba mkate ndio unaomvuta baba yake mkubwa arudi nyumbani. Na kweli anarudi! Jumamosi hii, kwa ndege.

Zumrad akauliza: mkate ukihamia nyumba nyingine, baba mkubwa atafikia huko? Mama yuko Kokand kwa dada yake mpaka Alhamisi, kwa hiyo nikajibu mimi. Swali zuri mno. Jaribu, nikamwambia, nikarudi kwenye chai yangu.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkate haupo!

Mfuko uko chini kwenye zulia, mtupu. Pembeni yake kuku wetu mwekundu, ametulia kama mwenye nyumba. Nimemshuku papo hapo. Nikamuuliza Zumrad kama amemwona akila mkate. Akauliza: kuku ana meno? Nimeliandika. Kisha akataka kunieleza kitu kuhusu mkate. Nikamkatiza kwa upole. Kazi yake ni kuuliza, si kueleza.

Hafiza anasema nimpigie mama simu nimwambie ukweli. Ukweli! Mwaka jana mfuko ulianguka tu, wala mkate haukuvunjika, mama akapiga simu Urusi mara sita na kulala na viatu. Akisikia mkate umeliwa siku nne kabla ya safari, ataiona ndege inaanguka. Tangu baba afariki moyo wake hauna nguvu. Naogopa, nasema wazi. Kwa hiyo nitatengeneza mwingine.

Jumatano, 16 Oktoba

Hafiza amekataa kushiriki. Nimekanda mwenyewe, mikate mitatu. Nimepiga katikati ule muhuri wa misumari wa mama, wenye ua la petali nane. Nimeinama tanurini kuibandika kwenye ukuta wake wa ndani. Nyusi za upande mmoja zimeungua.

Tatizo la pili: kuuzeesha miaka mitatu kwa siku moja. Nimeipeleka kazini, ninakochora mabakuli, nikaiingiza mmoja mmoja kwenye joko la kuchomea vyombo, mabakuli yalipotoka. Wa kwanza ukatoka mkaa. Bwana mkubwa akauliza kama ni rangi mpya. Wa pili ukawa mgumu safi kabisa, wa manjano, ndipo nikakumbuka kwamba haujang'atwa. Nikajaribu. Sasa siwezi kunywa kitu cha moto upande wa kulia.

Wa tatu nimeung'ata ungali laini. Alama ya kupendeza, meno yote ya mbele. Nikaukausha, nikaupaka vumbi la ghalani. Hata mimi niliuamini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama amerudi. Hata viatu hajavua vizuri, akaenda kuupapasa mfuko. Akasema umekuwa mzito. Akasema ni kwa sababu mwanawe yuko karibu. Akacheka peke yake kama msichana, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni. Niliona haya. Muda mfupi, lakini niliona.

Zumrad akatazama mfuko, akanitazama, akauliza: Baba, mikate inazaa? Nimeliandika.

Jioni Botir alikuja na gari lake lililooshwa, akajitolea kumpokea Qobil uwanja wa ndege. Nikamwambia asante jirani, kaka yangu nitampokea mimi, kwa lori la udongo la kazini. Mvulana wake akanitajia mji mkuu wa Mongolia. Sikumwuliza.

Jumamosi, 19 Oktoba

Lori limezimika njiani kwenda uwanja wa ndege, kwenye mashamba ya pamba, na halikuwaka tena. Nimerudi nyumbani kwa miguu, saa mbili nzima, peke yangu.

Mama alikuwa langoni na wanawake wote wa mtaa. Pilau imepoa. Simu ya Qobil haipatikani. Aliponiona niko peke yangu akageuka mara moja. Akaingia ndani, akatoka na mfuko ameukumbatia kifuani, midomo inacheza. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka.

Zumrad akasema anakwenda kuangalia kwa akina Botir. Nikamuuliza kwa nini huko.

"Si ndiko nilikoutundika mkate? Ulisema nijaribu."

Wanawake wote wakageukia kwa Botir. Na hapo hapo, lango la tatu kutoka letu, akatoka Qobil, mikono inang'aa mafuta, na mkate mkavu mkononi. Kumbe Botir alikwenda uwanja wa ndege hivyo hivyo, akamchukua, mkewe akamlazimisha aonje supu kwanza. Alipokwenda kunawa chini ya mzabibu akauona umening'inia karibu na vitunguu. Ua la mama. Pengo lake.

"Kafika!" Zumrad akaruka. "Kafika kwenye mkate!"

Mama alimshika Qobil akalia mpaka kilemba kikamvuka. Nami nililia. Kisha akakumbuka kwamba kifuani bado ana mfuko mzito. Akaufungua. Akatazama palipong'atwa mkate huu, akatazama palipong'atwa ule.

"Ergash," akaniita. "Hebu cheka."

Nikacheka. Meno yote yapo.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama ameamka kabla ya wote. Alfajiri akaoka mkate mmoja, akanipa mkononi ungali moto.

"Ng'ata."

Nikang'ata, akauchukua uliobaki. Akasema paa la mama mdogo Kokand linavuja, niende nikalitengeneze, na nisiwe na haraka. Mkoba wangu Hafiza alikuwa ameshaufunga. Botir atanipeleka. Mvulana wake anakuja pia.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa kwenye jino. Mengine yote yalikwenda vizuri, na binti yangu ana miaka mitano tu na amethibitisha jambo mbele ya mtaa mzima. Huyo wa miji mikuu amethibitisha nini?

Langoni Zumrad alikuwa ameupakata mkate wangu, anaugeuzageuza. Akauliza: tukiukata vipande viwili, tukatundika kila kimoja nyumba yake, Baba utafikia wapi?

Swali zuri mno. Jaribu, nikamwambia, nikapanda gari.